Nitamtambuaje mpangaji wa kuaminika kabla sijamkabidhi funguo?

Binti wa Segerea (mtoa mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mama yetu alipofariki alituachia nyumba Tabata Segerea, na sisi watoto wake watatu tulikubaliana tusiiuze bali tuipangishe, ili kodi yake imsomeshe mdogo wetu wa mwisho ambaye bado yuko chuoni. Mimi ndiye niliyekabidhiwa jukumu la kuisimamia, ingawa kazi yangu iko Dodoma na Dar es Salaam nafika mara moja tu kwa mwezi. Ni nyumba ya vyumba vitatu, kimoja kikiwa masta, yenye sebule, jiko, stoo, tangi la maji la lita 2,000, uzio wa matofali na geti. Mita ya umeme ya LUKU ni yake peke yake, na maji ni ya DAWASA.

Mpangaji wetu wa kwanza aliletwa na dalali. Alikuwa mtu mzima, mwenye lugha ya staha na mavazi nadhifu, na siku ileile aliyoiona nyumba alilipa miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 2,400,000. Mimi niliona ni neema, kwa hiyo sikumuuliza lolote zaidi ya jina na namba ya simu. Miezi sita ya pili alilipa miwili tu, akaniambia mzigo wake umekwama bandarini. Baada ya hapo ikawa ahadi juu ya ahadi, kisha simu ikawa haipatikani. Mwezi wa 11 nilipofika, jirani alinieleza kwamba kirikuu, lile gari dogo la mizigo, ilikuja usiku wa kuamkia Jumapili, ikapakia vitu na kuondoka. Ndani nilikuta sinki la jikoni limeng'olewa, swichi mbili za sebuleni zimebaki nyaya zinaning'inia, na ankara ya maji ya shilingi 186,000 haijalipwa. Kilichoniuma kuliko vyote ni mlango wa chumba alichokuwa akilala mama: ulikuwa umetobolewa matundu manne ili kufungwa komeo kubwa la nje, kana kwamba chumba kile kilikuwa ghala.

Sasa dalali mwingine ameniletea watu watatu. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, anaishi peke yake, na yuko tayari kulipa mwaka mzima. Wa pili ni mwalimu wa sekondari na mkewe ambaye ni muuguzi, wana watoto wawili, na wanaomba kulipa kila baada ya miezi mitatu kwa kuwa wote wawili wanategemea mshahara. Wa tatu ni vijana watatu wanaotaka kuchangia nyumba. Wawili wanafanya kazi kiwandani na mmoja ni fundi wa simu. Kaka yangu anasema nichukue fedha ya mwaka nisahau shida, lakini moyo wangu unasita. Naomba wenye uzoefu mnieleze ni mambo gani hasa mnayatazama kwa mtu kabla hamjampa funguo, na kama ni halali kumwomba barua ya mwajiri au kumuuliza alikotoka.

Bi Mkubwa wa Mwananyamala

Mwanangu, pole kwa msiba na pole kwa hasara. Nimepangisha nyumba zangu mbili kwa miaka 19 sasa. Moja ina vyumba sita vya wapangaji mbalimbali na nyingine ni nyumba nzima kama hiyo yako. Kosa ulilolifanya nami nimelifanya zaidi ya mara moja: ulidhani kwamba kodi ya miezi sita ni ushahidi wa uaminifu. Kodi ya mkupuo inakuonyesha fedha aliyokuwa nayo mtu siku ile, basi. Huenda ameuza kiwanja, huenda amelipwa kiinua mgongo, huenda zamu yake ya upatu imefika, huenda ni mtaji wa mwenzake aliomshikia. Haikuambii hata kidogo atakuwa na nini mwezi wa saba, na mpangaji anajulikana mwezi wa saba, pale akiba ile inapokuwa imekwisha na kodi inatakiwa itoke katika kipato chake cha kawaida.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mtu halihusu miezi atakayolipa, bali fedha inamwingiaje na inamwingia lini. Mwenye mshahara namwomba barua ya mwajiri na hati ya mshahara, na hakuna ubaya wowote katika kuomba, mradi umwombe kwa heshima na umrudishie nakala asipopata nyumba. Asiye na mwajiri namwomba anipeleke anapofanyia kazi, nikae naye pale nusu saa nione biashara inavyokwenda. Nina mpangaji wa chumba kimoja anayeuza mihogo ya kukaanga jirani na kituo cha daladala. Hana barua ya mtu yeyote, lakini kila jioni anatumbukiza fedha katika kibubu, na kila baada ya miezi mitatu anakuja nacho sebuleni kwangu, anakivunja juu ya kanga, tunahesabu sarafu na noti pamoja. Katika miaka saba hajawahi kunichelewesha zaidi ya siku nne. Wakati huohuo nimewahi kuwa na mtu wa ofisini mwenye gari, ambaye nililazimika kumfuata hadi kazini kwake kudai kodi.

Jambo la pili, na hili ndilo ninalolithamini kuliko yote, usiridhike kukutana na mtu kwenye nyumba yako. Nenda ukamwone kwake, pale anapoishi sasa. Mtu anapokuja kuona nyumba amejiandaa, lakini kwake hajajiandaa. Miaka michache iliyopita nilikwenda Manzese kumtazama kijana mmoja aliyetaka chumba changu. Nilifika kabla ya saa niliyomwambia. Mlangoni alikuwapo mama mmoja anakaanga vitumbua, nikanunua vya mia tano, nikaketi kwenye kigoda chake nikamuuliza juu ya kijana yule. Hakunieleza habari za tabia. Alinyoosha mkono akanionyesha daftari lililoning'inizwa kwa uzi karibu na mita ya LUKU. Katika nyumba ile wapangaji walikuwa wanachangia umeme, na kila anayetoa fedha anaandikwa jina, tarehe na kiasi. Jina la kijana yule lilikuwamo kila wiki, na mara mbili alikuwa amemlipia jirani yake aliyekuwa amelazwa hospitali. Nilimpa chumba siku ileile bila kumuuliza kitu kingine. Mtu anayechangia LUKU bila kugombana ni mtu anayelipa kodi; sijaona bado aliyenionyesha kinyume chake.

Kuhusu wenye nyumba wa zamani, usimwamini sana yule wa sasa peke yake, maana anayetaka kumwondoa mtu msumbufu atamsifu ili aondoke upesi. Mtafute na yule wa kabla yake, ambaye hana cha kupata wala kupoteza. Mwulize mambo mawili tu: alipochelewa kulipa alikuambia mapema au ulilazimika kumtafuta, na siku alipohama aliiachaje nyumba.

Dalali hana ubaya, lakini kazi yake inakwisha siku anapopokea malipo yake ya udalali, yaani kodi ya mwezi mmoja, na mpangaji anayehama haraka ni mteja mpya kwake. Msikilize anapokueleza bei za mtaa. Habari za tabia ya mtu zitafute mwenyewe.

Vijana watatu usiwakatae kwa kuwa ni vijana. Ila kila mmoja wao asaini kwamba anadaiwa kodi yote, isiwe theluthi yake, kwa sababu mmoja akioa au akihamishiwa mkoani wawili waliobaki watakuambia wamelipa sehemu yao.

Karani wa Sheria, Morogoro

Ndugu mtoa mada, nafanya kazi katika ofisi ya mawakili na migogoro ya upangaji inapita mezani kwangu karibu kila wiki, kwa hiyo niruhusu nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Umeandika kwamba ninyi watoto mmekubaliana. Makubaliano ya ndugu ni jambo jema, lakini kwa sheria mwenye mamlaka ya kuingia mkataba juu ya mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama bado hamjafungua mirathi, anzeni na kikao cha ukoo na muhtasari wake, kisha mwende mahakamani, kwa sababu mpangaji makini atakuuliza wewe ni nani katika nyumba hii, na mpangaji asiye mwema akijua kwamba huna barua ya usimamizi ataitumia kasoro hiyo siku utakapomdai. Mpangaji mzuri naye anakagua mwenye nyumba, na ni afadhali akukute na karatasi zako mkononi.

Pili, mkataba uwe wa maandishi na uwe na mambo yanayopimika. Mikataba mingi ninayoiona imejaa maneno kama vile mpangaji atunze nyumba vizuri, ambayo hayamsaidii mtu yeyote siku ya shauri. Andika kodi ni kiasi gani na inalipwa tarehe gani, notisi ni ya siku ngapi kwa kila upande, nani analipa maji, nani anatengeneza kitu gani kikiharibika, watu wangapi wataishi humo, na kwamba nyumba ni ya makazi na haitatumika kuhifadhi bidhaa wala kupangishwa kwa mtu mwingine bila idhini yako ya maandishi. Ambatisha orodha ya makabidhiano yenye kila kitu kilichomo, chumba kwa chumba, pamoja na picha, na wote wawili msaini kila ukurasa. Sinki lako lingekuwa katika orodha hiyo, leo ungekuwa na cha kusimamia. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwa kuwa hati isiyolipiwa inaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi. Mpelekeni pia mwenyekiti wa serikali ya mtaa nakala, ili mpangaji aandikishwe katika daftari la wakazi na ajulikane alikotoka. Nimeona mara nyingi kwamba mtu mwenye nia mbaya huanza kutoa visingizio pale anapoambiwa twende pamoja kwa mtendaji wa mtaa, na kwa sababu hiyo safari hiyo fupi ina faida hata kabla ya mkataba kusainiwa.

Tatu, naomba nikuonye juu ya kosa ambalo wenye nyumba wengi hulifanya kwa hasira. Mpangaji akishindwa kulipa, usimfungie mlango, usimkatie maji wala usiezue bati. Ukifanya hivyo wewe mwenye haki ndiye utakayegeuka mshtakiwa. Mpe notisi ya maandishi, kisha mwende kwenye usuluhishi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi tena hukumu, na usuluhishi ukishindikana shauri linakwenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Njia hiyo huchukua muda, na ndiyo maana nakubaliana na Bi Mkubwa kwamba siku tatu za kuchunguza mtu kabla hajaingia zina thamani kuliko mwaka mmoja wa kumtoa.

Umeuliza kama ni halali kuomba barua na vitambulisho. Ni halali, lakini kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo chukua kile tu kinachohusika na upangaji, kihifadhi mahali salama, na usisambaze nakala za vitambulisho vya NIDA vya watu katika makundi ya simu ati unauliza nani anamfahamu huyu. Mfanyabiashara wako naye, ikiwa mkataba utakuwa kwa jina la kampuni, kampuni itakata kodi ya zuio ya asilimia 10 katika kodi ya pango na kuiwasilisha TRA. Mdai hati ya makato hayo, usije ukadhani amekupunja.

Mpangaji wa Kimara

Naomba nami nizungumze kwa upande wa wanaopanga, maana nimepanga kwa miaka 14 katika nyumba tano na sijawahi kuhama nikiwa nadaiwa hata shilingi. Mimi ni mama wa watoto wawili, sina mume, na nina ajira ya kudumu. Mara ya mwisho nilipotafuta nyumba niliona nyumba tisa. Katika nne kati ya hizo swali la kwanza nililoulizwa halikuhusu kipato changu wala nilikotoka. Niliulizwa baba wa watoto yuko wapi. Mwenye nyumba mmoja aliniambia waziwazi kwamba hapangishi wanawake wasio na waume kwa sababu wanaleta wageni. Nilikuwa na barua ya mwajiri, hati za mshahara za miezi mitatu na namba za simu za wenye nyumba wawili waliotangulia, zote katika bahasha mkononi, na hakuna aliyeifungua. Siku kadhaa baadaye nilipita njia hiyo nikaona ile nyumba amepewa mtu mwingine, na baada ya miezi michache kibao cha kutafuta mpangaji kilikuwa kimerudi getini.

Simlaumu mtoa mada, kwani hajauliza hivyo, lakini nataka wenye nyumba wanaosoma hapa waelewe kwamba dini ya mtu, kabila lake na hali yake ya ndoa havijawahi kulipa kodi wala kukwepa kodi. Ukiyaweka hayo mbele unajifungia nje ya watu wema na huku unadhani umechagua kwa makini.

La pili ni hili la fedha ya mwaka mzima. Mtu anayeishi kwa mshahara hawezi kuwa na shilingi milioni nne na laki nane mkononi kwa siku moja, isipokuwa amekopa, na akikopa ili akulipe wewe ujue kwamba mwaka unaofuata atakuwa analipa mkopo na kodi kwa pamoja. Wanaoomba miezi mitatu wanakueleza ukweli wa kipato chao. Mimi ningewaamini hao walimu na wauguzi kabla ya mtu mwingine yeyote, si kwa sababu kazi zao ni za heshima, bali kwa sababu wamekuambia wanachokiweza kabla hujawauliza.

Na tafadhali, usikague upande mmoja. Mpangaji anayetaka kukaa miaka mingi atakuuliza maji yanatoka siku zipi, bati la stoo linavuja au halivuji, nani wa kupigiwa simu usiku bomba likipasuka ilhali wewe uko Dodoma. Asiyeuliza lolote na kukimbilia kulipa pengine hajali atakaa muda gani.

Msimamizi wa Ploti, Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu kodi hulipwa kila mwezi, aghalabu kabla ya tarehe tano, na mpangaji anapoingia hutoa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja. Nasimamia ploti mbili, yaani nyumba za kupangisha, za watu walio ng'ambo, kwa hiyo naijua hali ya kuwa mbali na nyumba. Faida ya kodi ya mwezi ni kwamba mtu akianza kuyumba wajua ndani ya wiki moja, si baada ya nusu mwaka. Mpangaji wako wa kwanza, dada yangu, angelipa kwa mwezi ungemtambua mapema na hasara ingekuwa ndogo.

Mtu anapokuja, mimi humwomba afungue taarifa ya M-Pesa katika simu yake mwenyewe anionyeshe malipo ya kodi ya miezi sita iliyopita. Siichukui simu, wala sitazami mengine. Natazama tarehe tu. Aliyelipa tarehe tatu, nne, tatu, tano, nne, tatu, huyo namjua. Aliyelipa tarehe mbili, kisha ishirini, kisha miezi miwili kwa pamoja, huyo nitakaa naye tuzungumze, kwa sababu huenda ni mvuvi au mtu wa hoteli ambaye msimu ukiwa mbaya hana kitu, na mtu kama huyo anaweza kuwa mwema sana mkikubaliana mapema namna ya kulipa miezi ya kiangazi cha kazi.

Amana andika vizuri ni ya nini. Wengi huku hukataa kulipa mwezi wa mwisho wakisema kata kwenye amana, halafu wakishahama ndipo mwenye nyumba aona kioo kimevunjika na choo kimeziba, na amana imeshaliwa.

Binti wa Segerea (mtoa mada)

Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni nyote. Nimechukua likizo ya siku tano nikafanya kama mlivyonishauri, na naona niwape mrejesho kwa sababu mambo hayakwenda nilivyotarajia.

Nilianza kwa mfanyabiashara wa vitenge. Alinikaribisha kwake Ilala bila kusita, na wenye nyumba wake wawili wote walimsifia kwamba hajawahi kudaiwa. Lakini sebuleni kwake marobota yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari, ya chumbani yamezuia dirisha, na yeye analala kwenye godoro dogo lililobaki katikati. Nilipomuuliza alinijibu kwa uwazi kabisa kwamba anatafuta nyumba kubwa yenye uzio ili aweke mzigo, kwa kuwa stoo za Kariakoo zimemshinda bei. Ni mtu mwaminifu, nami namheshimu kwa kunieleza ukweli, ila nilikumbuka lile komeo kwenye mlango wa mama nikamwambia hapana. Nimemuunganisha na jirani yetu mwenye godauni.

Kwa mwalimu na mkewe nilikwenda jioni, huko Kinyerezi. Mwenye nyumba wao wa sasa hakuwasifia sana. Alisema wamechelewa mara mbili katika miaka mitatu, na nilipomuuliza lile swali la Bi Mkubwa alijibu kwamba mara zote mbili walimpigia simu kabla ya tarehe na wakataja siku watakayolipa, na siku hiyo wakalipa. Wa kabla yake, ambaye sasa yuko Mbeya, aliniambia waliondoka wakapaka rangi ukuta ambao watoto walikuwa wameuchora.

Lakini kilichonifanya niamue ni swali la yule muuguzi. Tulipokuwa tunapitia rasimu ya mkataba alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kuhusu kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, kwa kuwa kila mwezi wanaponunua umeme inakatwa shilingi 1,500, na hiyo kwa haki ni kodi ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Sikuwa nimeifikiria kabisa. Aliuliza kwa upole, akaniambia hataki kugombana juu ya fedha ndogo baadaye ndiyo maana anaisema sasa. Tumeandika kwamba kiasi hicho kitapunguzwa katika malipo ya robo ya mwisho ya kila mwaka.

Kuhusu mirathi, Karani wa Sheria, nakushukuru sana. Tulikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo lakini hatukuwa tumekwenda mahakamani. Kaka amefungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo wiki hii, na mwalimu amekubali kusubiri mpaka barua ya usimamizi itoke ndipo tusaini. Ameniambia ni afadhali asubiri kuliko kulipa kwa mtu asiye na mamlaka. Vijana watatu nimewaeleza ukweli kwamba nyumba imepata watu, ila mmoja wao, yule fundi wa simu, alinivutia kwa utaratibu wake, na kama Bi Mkubwa ana chumba Mwananyamala naomba aniambie.

Wakati tunasubiri mahakama, kuna kitu chochote nifanye kwenye nyumba kabla hawajaingia? Sinki nimeshaweka jipya, na ankara ya maji nimeilipa.

Bi Mkubwa wa Mwananyamala

Marahaba mwanangu, umefanya vizuri. Chumba ninacho, kitakuwa wazi mwezi ujao. Mwambie kijana aje na anielekeze anapoishi.

Kabla hawajaingia, badilisha vitasa vyote, cha mlango wa mbele, cha uani na cha vyumba, pamoja na kufuli ya geti. Yule aliyeondoka na kirikuu usiku hakukurudishia funguo. Halafu siku ya makabidhiano msome mita ya maji pamoja, namba iandikwe kwenye orodha ile ya Karani na ipigwe picha, na mlango wa chumba cha mama mwite fundi seremala azibe yale matundu manne kabla mwalimu hajahamia.